Kuweka aidoli ya pikipiki ili oili ifike hadi kwenye kemshafti: mwongozo kamili

Kwenye steji nyingi, kuanzia Kondele pale Kisumu hadi Pipeline pale Nakuru, pikipiki inayonguruma polepole ikiwa imesimama husifiwa kuwa ina injini tulivu isiyokula mafuta. Ndiyo maana ombi la kawaida kwa fundi ni "nishushie aidoli kidogo." Aidoli ni kasi ya injini ikinguruma bila aksileta kuvutwa. Skrubu ya kabureta inageuzwa kwa sikio, injini inabaki ikivuta pumzi moja moja, na mwenye pikipiki anaondoka ameridhika. Baada ya muda kichwa cha injini kinaanza kugonga. Tapeti, yaani skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu, zinakazwa, mlio unarudi, zinakazwa tena, na siku injini ikifunguliwa kemshafti, shafti inayofungua valvu, inakutwa imelika ncha, na roka, mikono inayozisukuma valvu, zimechimbika. Lawama huenda kwa oili feki. Oili feki ipo sokoni na inaua injini, lakini hata oili bora kabisa haiwezi kulinda mahali ambapo haifiki.

Kwa pikipiki nyingi za sisi (cc) 100 hadi 150 zenye silinda moja na kabureta, aidoli sahihi ni mizunguko 1,400 kwa dakika, ikizidi au kupungua kwa 100, injini ikiwa imepata moto kamili. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja namba nyingine, fuata kitabu. Chini ya 1,200 unaila injini. Juu ya 1,700 unapoteza petroli, injini inachemka bure ukiwa umesimama, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, na ukiachia aksileta kwenye mteremko injini haikusaidii kupunguza mwendo, kwa hiyo brake shuu zinaisha haraka.

Pampu na kemshafti

Pampu ya oili inaendeshwa na gia kutoka kwenye krankishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Haina akili ya kujua kama injini ina kiu. Krankishafti ikizunguka haraka inasukuma oili nyingi, ikizunguka polepole inasukuma kidogo. Kutoka mizunguko 1,400 hadi 900, oili inayosukumwa inapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Hapo bado hujahesabu uvujaji wa ndani: oili ya moto ni nyepesi, inarudi nyuma kupitia nafasi ndogo zilizo ndani ya pampu yenyewe, na pampu iliyochakaa inarudisha nyingi zaidi. Kwa hiyo pikipiki iliyotembea miaka mingi, saa nane mchana kwenye joto la Kisumu, ndiyo inayoumia zaidi aidoli ikishushwa.

Kwenye injini ambazo kemshafti iko juu kichwani, kama za Boxer, kichwa ndicho kituo cha mbali zaidi. Oili inahudumia sehemu za chini kwanza, kisha inapanda. Ikipungua, juu ndiko kunakosa. Injini za muundo wa Honda CG zina kemshafti chini, karibu na krankishafti, na fimbo za kusukuma roka. Huko kemshafti iko karibu na oili, lakini roka bado ziko juu zikisubiri zao.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Injini ikizunguka kwa kasi, uzito wa valvu na roka zinaporushwa hupunguza kidogo mkandamizo wa springi kwenye ncha ya kemshafti. Injini ikizunguka polepole nafuu hiyo haipo, springi inabana kwa nguvu zake zote. Na utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma hujengwa na mwendo wenyewe: nyuso zikisuguana polepole, utando unakuwa mwembamba. Mzigo mzito, utando mwembamba na oili kidogo vinakutana vyote wakati mmoja, pikipiki ikiwa imesimama tu ikisubiri abiria.

Aidoli ya chini sana pia hufanya krankishafti izunguke kwa kukwama na kuruka. Inapunguza mwendo wakati wa kubana hewa, kisha inarushwa moto ukilipuka. Mnyororo wa kemshafti unavutwa na kulegea kila mara, na gia za klachi zinagongana. Mlio huo hufikiriwa kuwa wa tapeti. Fundi anakaza tapeti hadi nafasi inakwisha, valvu haifungi vizuri, ekzosi valvu inaungua, na sasa kuna ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Magneto nayo inatoa umeme kidogo, hivyo taa inafifia na betri haijazwi.

Yanayotangulia skrubu

Aidoli ni kitu cha mwisho kurekebishwa. Ukiigeuza wakati kuna tatizo jingine unalificha tu, na wiki mbili baadaye utakuwa umerudi pale pale.

Anza na oili. Simamisha pikipiki wima kwenye stendi kubwa, mahali tambarare, washa injini dakika tatu, izime, subiri dakika tatu, kisha pima. Kama ina kijiti, kipanguse kwanza. Kwenye injini za aina ya CG kijiti hakikazwi wakati wa kupima, kinawekwa tu kikae juu ya uzi wa tundu. Ukikikaza utasoma kiwango cha juu kuliko kilichopo. Tumia unene uliotajwa kwenye kitabu: Boxer hutaka 20W-50, Honda nyingi hutaka 10W-30. Chupa iwe na alama ya JASO MA au MA2, viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki, kwa sababu oili hiyo hiyo ndiyo inayoogesha klachi. Oili nyingi za magari madogo zina dawa ya kupunguza msuguano ambayo hufanya klachi iteleze. Nusa oili kwenye kijiti pia. Ikinuka petroli au mafuta taa na ikiwa nyepesi kama maji, imwage, kisha utafute sababu: choki inayokwama, kabureta inayofurika, au petroli iliyochanganywa. Hakuna aidoli itakayookoa injini yenye oili ya namna hiyo.

Pili, nafasi ya tapeti, injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla haijawashwa. Fungua vifuniko vya tapeti na tundu la magneto, zungusha injini hadi alama ya T (pistoni iko juu kabisa) ilingane na alama ya kwenye kifuniko, na uhakikishe roka zote mbili zina uhuru kidogo. Roka moja ikiwa imebanwa, zungusha mzunguko mmoja kamili zaidi, maana uko kwenye kiharusi (mwendo mmoja wa pistoni) kisicho sahihi. Injini nyingi za ukubwa huu hutaka kati ya milimita 0.05 na 0.10, na CG125 hutaka 0.08 pande zote mbili. Pima kwa fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi. Kipande cha karatasi ya sigara au kukisia kwa kidole si kipimo. Fila geji ipite ikikwaruza kidogo, bila kulazimishwa.

Tatu, angalia plagi. Nafasi ya ncha ni milimita 0.6 hadi 0.7 kwa nyingi, lakini cha maana zaidi hapa ni rangi. Kahawia ya maziwa ni salama. Nyeusi yenye masizi makavu inaonyesha petroli imezidi au chujio cha hewa limeziba. Nyeupe inaonyesha hewa imezidi. Nyeusi yenye unyevu wa oili inaonyesha ringi au sili za valvu zimechoka. Vumbi la barabara za ndani huko Siaya, Bungoma na Rongai huziba chujio haraka kuliko ratiba ya kitabu inavyodhani, kwa hiyo litoe, ulione mwenyewe.

Nne, waya wa aksileta. Mkono wa aksileta uwe na uhuru wa milimita 2 hadi 6 kabla haujaanza kuvuta. Ukiwa umekaza kabisa, ni waya unaoshikilia aidoli wala si skrubu, na lolote utakalofanya chini litakuwa bure.

Mwisho, kagua mpira au bomba linalounganisha kabureta na injini. Liguse, likunje, tafuta nyufa. Kaza boliti zake kwa usawa, usizidishe, kwa maana likipinda ndipo hewa inapoingia.

Kupima mizunguko

Pikipiki nyingi za boda hazina mshale wa mizunguko, na hapo ndipo sikio linapochukua kazi isiyo yake. Sikio huzoea. Fundi aliyeshinda siku nzima kati ya injini zilizoshushwa ataona 1,400 ni kelele.

Kipima mizunguko kidogo cha kuzungushia waya wa plagi kinapatikana kwenye maduka ya vipuri na hakihitaji ufundi mkubwa. Tahadhari ni moja. Pikipiki ndogo nyingi zenye CDI, kisanduku cha umeme kinachowasha plagi, hutoa cheche kila mzunguko, hata kwenye kiharusi ambacho hakina petroli ya kuchoma. Kipima kikiwa kimewekwa kutegemea cheche moja kwa kila mizunguko miwili, kitakusomea mara mbili ya ukweli. Ukiona 2,800 wakati injini imetulia kabisa, usishushe chochote, badilisha mpangilio wa kipima.

Bila kipima, simu inatosha. Weka simu karibu na mdomo wa ekzosi, kando ya moshi, urekodi sauti kwa sekunde kumi. Ifungue kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti inayoonyesha mawimbi, ukuze picha, uhesabu vilima vya mlipuko ndani ya sekunde tano. Injini ya viharusi vinne yenye silinda moja hulipuka mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo zidisha hesabu yako kwa 24. Vilima 58 ni mizunguko 1,392. Ukiwa kati ya 54 na 62 uko mahali pazuri. Ukipata 40 una 960, na injini hiyo inaumia.

Kuweka aidoli

Endesha pikipiki dakika kumi barabarani. Kuiacha ingurume imesimama hakutoshi, kichwa kitapata moto lakini oili ya chini itabaki baridi. Ukirudi, isimamishe wima mahali penye hewa, kamwe si ndani ya kibanda kilichofungwa, kwa sababu moshi wa ekzosi unaua. Choki iwe imerudishwa kabisa, isifanye kazi, gia iwe nyutro, na taa iwake kama kawaida yake barabarani.

Kabureta ina skrubu mbili zinazokuhusu. Kubwa, mara nyingi yenye springi na kichwa cha kushikwa kwa vidole au bisibisi bapa, husukuma juu slaidi, kile kizibo kinachopandishwa na waya wa aksileta ndani ya kabureta. Hiyo ndiyo ya aidoli. Ukiigeuza upande wa mshale wa saa mizunguko inapanda. Ndogo ni ya mchanganyiko, na hapa lazima uangalie ilipo kabla ya kuigusa. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa: kuifungua kunaongeza hewa na kupunguza petroli. Ikiwa upande wa injini, mbele ya slaidi, inapima petroli: kuifungua kunaongeza petroli. Mafundi wengi huharibu kazi nzima kwa kuchanganya hizi mbili.

Kwanza, kwa skrubu kubwa, ipandishe injini hadi karibu 1,500 ili isizime unapofanya kazi. Kisha funga skrubu ndogo polepole huku ukihesabu mizunguko hadi iguse chini, uandike hesabu hiyo. Iguse tu, usiibane: ncha yake ni nyembamba kama sindano, ukiikaza inapinda au inapanua tundu, na kabureta hiyo haitarekebishika tena. Injini ikizima, sawa, iwashe baadaye. Fungua skrubu ndogo mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni pa kuanzia, si pa kumalizia.

Sasa geuza skrubu ndogo robo mzunguko kuelekea upande mmoja, usubiri sekunde tano hadi kumi injini ijibu, kisha robo nyingine. Haraka ndiyo inayoharibu hatua hii. Unatafuta mahali ambapo injini inazunguka kasi zaidi na kwa ulaini zaidi bila wewe kugusa aksileta. Ukipita hapo mizunguko itaanza kushuka au kuyumba. Rudi katikati ya sehemu ile laini. Mizunguko ikiwa imepanda, ishushe kwa skrubu kubwa hadi 1,400, halafu rudia ile ndogo mara moja tena, kwa kuwa moja ikibadilika nyingine inaguswa.

Ikiwa sehemu nzuri inapatikana kabla ya nusu mzunguko au baada ya mizunguko mitatu, skrubu si tatizo. Jeti ndogo, tundu linalopitisha petroli ya aidoli, ina uchafu, au si saizi yake, au hewa inaingia mahali pengine.

Jaribu kazi yako hivi. Vuta aksileta ghafla hadi katikati na uiachie. Mizunguko irudi 1,400 mara moja, isining'inie juu wala kuzama hadi karibu kuzima. Kisha geuza usukani kushoto hadi mwisho, na kulia hadi mwisho. Mizunguko ikipanda, waya wa aksileta umepitishwa vibaya au umekaza, na hiyo ni hatari kwenye kona, si kelele tu. Bana klachi na utie gia ya kwanza: mizunguko ikishuka kidogo ni sawa, ikizima angalia klachi.

Jaribio la mwisho ni la oili yenyewe. Baadhi ya injini zenye kemshafti juu zina boliti ndogo ya ukaguzi kichwani, na kitabu kitakuonyesha ilipo. Ilegeze kidogo, usiitoe, injini ikinguruma kwenye aidoli. Oili ianze kutoka ndani ya dakika moja. Isipotoka, zima injini papo hapo, usijaribu kuipandisha mizunguko ili "ivute." Injini isiyo na boliti hiyo, zima, fungua kifuniko cha tapeti na uangalie: roka zinapaswa kulowa oili mbichi, si kung'aa kavu au kuwa na rangi ya kuungua. Kwenye 1,400 kichwa kikiwa kikavu, tatizo ni pampu, chujio la oili au njia iliyoziba, na kupandisha aidoli hadi 2,000 ni kuahirisha mazishi.

Ikikataa kutulia

Mizunguko inayoning'inia juu baada ya kuachia aksileta mara nyingi ni hewa ya wizi. Nyunyizia maji kidogo, tone tone, kuzunguka mpira wa kabureta injini ikiwa inanguruma. Sauti ikibadilika umepata mahali. Usitumie petroli wala dawa ya kusafishia breki kwa jaribio hili, ekzosi iko karibu na moto wake ni wa kweli. Mpira wenye ufa ubadilishwe. Gundi ya silikoni huvimba na kumeguka ikiguswa na petroli, na vipande vyake huingia ndani.

Injini inayozima mara choki inaporudishwa ina jeti ndogo iliyoziba. Itoe, ipulize kwa upepo, upitishe uzi mmoja wa nailoni kutoka kwenye brashi. Waya wa chuma hupanua tundu, na ukishalipanua utapigana na moshi mweusi hadi ununue jeti mpya. Safisha bakuli la kabureta pia. Ukikuta maji au kutu chini yake, tanki nalo linahitaji kuoshwa.

Aidoli inayoyumba juu na chini, plagi ikiwa nyeusi na petroli ikinuka, inaelekeza kwenye kiwango cha petroli ndani ya bakuli kuwa juu, au sindano ya floti kuchoka. Aidoli iliyo sawa asubuhi na kushuka mchana injini ikichemka inaelekeza kwenye tapeti zilizokazwa kupita kiasi, kwa kuwa nafasi ya ekzosi valvu inakwisha chuma kikipanuka. Rudi kwenye fila geji.

Kisumu si Nakuru

Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, Eldoret karibu 2,100, na Molo inakaribia 2,500. Hewa inakuwa nyepesi kwa takriban asilimia moja kwa kila mita 100 unazopanda. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumimina petroli karibu ile ile. Pikipiki iliyowekwa vizuri Kibuye, Kisumu, ikifika Nakuru itakuwa na petroli nyingi kuliko hewa na aidoli itashuka yenyewe. Ikipelekwa Timboroa, juu zaidi, itataka kuzima. Dereva anayehama au kununua pikipiki kutoka mji mwingine aiweke upya pale atakapoitumia. Anayepanda na kushuka kila wiki aiweke kwa mahali anapofanya kazi zaidi, aiache upande wa 1,500 ili mizunguko ikipungua akiwa mlimani isivuke chini ya 1,300.

Asubuhi za Molo na Njoro oili ni nzito na inachukua muda kupanda. Washa kwa choki, usivute aksileta, subiri nusu dakika hadi dakika moja, rudisha choki, uondoke taratibu kwa kilomita ya kwanza. Kuiacha kwenye choki dakika kumi huku ukinywa chai kunaosha kuta za silinda kwa petroli, na petroli hiyo inashuka kwenye oili. Kwenye steji, ukijua utasubiri zaidi ya dakika moja, zima. Injini hizi zinapozwa na upepo wa safari, na zikisimama hazina upepo.

Injini iliyofunguliwa na kuwekwa ringi au kemshafti mpya iwekwe 1,500 kwa kilomita 500 za kwanza, kisha ishushwe hadi 1,400 pamoja na kumwaga oili ya kwanza na kupima tapeti upya. Baada ya hapo, kagua aidoli kila unapobadilisha oili, kwa kipima au kwa simu, na uandike namba. Ikiwa inashuka kidogo kila mara bila mtu kugusa skrubu, anza na chujio la hewa na tapeti.

Pikipiki zenye injeksheni hazimo katika maelezo haya ya skrubu. Kwa nyingi, kompyuta ndiyo inayoshika aidoli yake, na skrubu ya kusimamisha throto imewekwa kiwandani. Aidoli ikiharibika humo, safisha bodi ya throto, njia ya hewa inayofunguliwa na aksileta, na usome alama ya taa ya injini. Skrubu iache ilivyo.